Kompyuta inajuaje kwamba ujumbe huu umeshapita?

Msikilizaji mmoja akituma kura yake mara tano kwa simu, anapaswa kuhesabiwa mara moja tu. Kazi hiyo inaonekana nyepesi, lakini ikifanywa vibaya mshindi anaweza kuwa si yule aliyechaguliwa. Tunaeleza jinsi programu za kompyuta zinavyochuja thamani zinazojirudia.

Thamani moja baada ya nyingine

Tuchukue mfano wa kituo cha redio kinachopokea kura kwa ujumbe mfupi. Ujumbe hauji wote kwa pamoja. Unaingia mmoja mmoja, na programu haijui utakuwa mingapi. Waandishi wa programu hutumia kifaa kinachoitwa itereta, ambacho kazi yake ni kutoa thamani inayofuata kila kinapoombwa. Kwa kawaida thamani ikishatolewa, itereta hairudi nyuma kuitafuta. Kwa hiyo programu inayotaka kuzuia marudio lazima iweke kumbukumbu yake yenyewe.

Kwa nini isilinganishe tu?

Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kulinganisha kila namba mpya na zote zilizotangulia. Kwa namba 100,000 zilizo tofauti, ulinganishaji huo unakaribia mara bilioni 5. Ndiyo maana waandishi wa programu hutumia seti. Seti huipitisha namba kwenye fomula inayoonyesha mahali pa kuitafuta, hivyo jibu la "ipo" au "haipo" hupatikana mara moja bila kupekua orodha nzima.

Hata hivyo, ipo tahadhari. Katika lugha ya Python, ukimimina kura zote ndani ya seti, hutazipata tena kwa mpangilio zilivyoingia. Kama zawadi inakwenda kwa watu kumi wa kwanza, umeshawapoteza. Njia salama ni kuifanya seti iwe daftari la pembeni: namba ikifika, programu inauliza kama imeandikwa. Haimo? Inaandikwa na kura inapita. Imo? Kura inaachwa.

Wapo pia wanaotumia amri ya uniq kwenye mifumo ya Unix. Amri hiyo hulinganisha mstari na ule uliotangulia tu. Majina yakija Asha, Juma, Asha, yote matatu yatabaki, isipokuwa yapangwe kwanza ili yanayofanana yakae pamoja.

Daftari likijaa

Kadiri namba mpya zinavyoingia, daftari linakua na kula nafasi ya kompyuta. Mwaka 1970 Burton Bloom alichapisha njia ya kubana nafasi hiyo, ambayo leo inaitwa chujio la Bloom. Haihifadhi thamani zenyewe, bali alama zake ndogo. Thamani iliyopita haitasema kamwe kwamba ni mpya, lakini mara chache inaweza kudai kwamba thamani mpya ilishapita.

Kwa programu inayozunguka kurasa za intaneti, kosa hilo linavumilika: ukurasa mmoja unarukwa. Kwenye kura, maana yake ni mtu aliyepiga kura mara moja kutupwa nje bila kosa lolote. Hapo tungeshauri seti kamili, hata kama inachukua nafasi zaidi.

Nani aamue kipi kinafanana?

Swali gumu zaidi kompyuta haiwezi kulijibu peke yake. Nchini Tanzania namba ileile huandikwa ikianza na 0 au na +255. Kwa mashine hayo ni maandishi mawili tofauti, na mpiga kura mmoja atahesabiwa mara mbili. Ni lazima namba zote ziwekwe katika muundo mmoja kabla ya kuchujwa.

Na vipi mama na binti yake wanaotumia simu moja? Wakichujwa kwa namba, kura ya mmoja inapotea. Wakichujwa kwa maneno ya ujumbe, maelfu waliomchagua mtu yuleyule watahesabiwa kama mmoja. Seti itafuata kigezo ilichopewa bila kuhoji. Kwa hiyo kanuni ya nani anahesabika iamuliwe na watu, tena itangazwe hewani kabla ya kura ya kwanza kuingia.