Kabla ya Kununua Kerezo, Pima Kazi

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa na vijana waliohitimu ufundi wa chuma, na siku hizi hata na walimu wenzangu wanaokaribia kustaafu, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: je, mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kununua kerezo dogo la chuma, aliweke nyumbani na apate riziki kwalo? Jawabu langu ni kwamba anaweza. Hata hivyo, wengi wanaokwenda kuchukua mkopo wa chama cha akiba huwa wamekwisha kuichagua mashine kabla hawajaichagua kazi, na hapo ndipo fedha za miaka mitano zinapoteketea kwa siku moja.

Neno kukereza si geni kwetu. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa mbao muda mrefu kabla ya viwanda kujengwa hapa. Chuma nacho hukerezwa kwa kanuni iyo hiyo: kitu huzunguka, kisu hakizunguki. Tofauti ni kwamba kisu cha chuma hakiongozwi kwa mkono mtupu, bali hufungwa juu ya kiti kinachoteleza kwenye reli zilizonyooka, nacho kikivutwa na skrubu ndefu hukata nyuzi zilizo sawasawa. Mwingereza Henry Maudslay ndiye aliyeyaunganisha mambo hayo vizuri mnamo mwaka 1800 hivi, na tangu hapo mashine hii imezizaa nyingine nyingi.

Basi tuanze na kazi. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia akiwa na hamu ya kununua kerezo jipya dogo la kutoka China, lile la kuwekwa juu ya meza, lenye uzito wa kilo 40 hivi. Nilimwuliza atakereza nini. Akajibu: ngoma za breki za magari. Nikamwambia achukue rula. Mashine za namna hiyo hupokea kitu chenye kipenyo cha milimita 180 juu ya reli, na juu ya kiti cha kisu hubakia kama milimita 110 tu. Ngoma ya breki ya gari haitazunguka humo hata kwa maombi. Lakini bushi za pampu ya maji, pini za bawaba, skrubu za cherehani na ekseli za mikokoteni midogo zitaingia bila taabu, na kazi hizo hazikosekani katika soko lolote lenye mafundi wa jua kali.

Je, ununue jipya dogo au kuukuu zito? Mimi naegemea kuukuu, mradi reli zake ni nzima. Uzito katika kerezo ni fadhila, kwa maana chuma kizito hakitetemeki, na kisu kisichotetemeka hukata safi. Myford ML7, iliyoanza kuundwa karibu na Nottingham katika miaka ya 1940, ina nafasi juu ya reli inayokaribia sana ile ya mashine ndogo za leo, nayo bado yasifiwa na mafundi. Boxford ya Halifax ilinunuliwa sana na shule za Uingereza. Ukibahatika kukutana na mojawapo, usikimbilie kulipa. Na mashine iliyopakwa rangi mpya juzi itilie shaka maradufu, kwani rangi haijawahi kunyoosha reli.

Njia ya kuijaribu haihitaji shahada. Kaza kiti cha kisu mpaka kisicheze kikiwa karibu na kibano, kisha kisukume hadi mwisho wa reli. Kikikwama huko, ujue reli zimelika upande wa kibano, mahali kazi nyingi hufanyika. Halafu funga kipande cha chuma kwenye kibano na ujaribu kukiinua. Kikicheza pamoja na kichwa, beringi zimechoka. Mwisho, omba mashine iwashwe, ukereze kwa wepesi kipande kinene kilichochomoza milimita 100, ukipime ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ikizidi sehemu 5 za mia za milimita moja, ama bei ishuke sana ama uage. Ulegevu kidogo wa mipini hauniogopeshi. Fundi hujifunza kuishi nao.

Hapa walimu wa hisabati wana somo zuri la kuwapa wanafunzi. Makerezo mengi ya zamani yana skrubu iliyohesabiwa kwa inchi, ilhali boliti nyingi tunazotumia leo ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukitaka uwiano huo kwa meno ya gia, utaizidisha kwa 5 upate 127, na kwa kuwa 127 ni namba tasa, hakuna gia ndogo zaidi itakayouleta bila kosa. Kwa hiyo mwulize muuzaji kama gia ya meno 127 imo. Asipoielewa hoja, hesabu kwamba haimo.

Umeme nao umewaumbua wengi. Nyumba zetu zina fezi moja ya volti 240, ilhali mashine zilizotoka viwandani aghalabu hudai fezi tatu za volti 415. Ama ubadilishe mota, ama ununue kifaa cha kugeuza fezi. Gharama hiyo iingie katika bei tangu mwanzo. Na mashine iliyoletwa kutoka Marekani kwa volti 110 usiichomeke ukutani ukidhani itavumilia.

Kisha kuna vifaa. Mwenye shilingi laki moja asitafute kerezo la laki moja. Kibano cha taya nne, visu, jiwe la kunolea, keekee na maikromita vinaweza kumeza fedha karibu sawa na mashine yenyewe, na bila hivyo mashine ni pambo. Anayeanza na anunue visu vya chuma cha kasi ajifunze kuvinoa mwenyewe, kwani vile vya kabidi hupasuka upesi mikononi mwa mwanagenzi.

Yule kijana hatimaye alipata kerezo kuukuu lenye reli nzima, akalifunga sakafuni kwa boliti. Sharti nililompa kabla ya kumsaidia kulinyoosha lilikuwa moja: ufunguo wa kibano usiachwe kwenye kibano hata kwa nukta moja, na anayekaribia mashine avue glavu, akunje mikono ya shati na avae miwani. Ameliandika ukutani kwa chaki, juu ya swichi.