Haki ya Mwenye Nyumba Mbele ya Chama cha Wamiliki: Mfano wa California

Utangulizi

Anayenunua nyumba katika mtaa uliojengwa kwa mpango mmoja hununua pia masharti yake. Katika jimbo la California, Marekani, mnunuzi wa nyumba ya namna hii huwa mwanachama wa chama cha wamiliki papo hapo, apende asipende. Chama hutoza ada ya kutunza njia, bustani na mapaa. Bodi yake hutunga kanuni na kuwatoza faini wanaozivunja. Je, mwenye nyumba anayehisi kuonewa ana kinga gani? Makala haya yanalenga kulijibu swali hilo kwa kurejelea Sheria ya Davis-Stirling, iliyopitishwa mwaka 1985 na kurekebishwa mara kadhaa.

Uzito wa Masharti

Yafaa ifahamike mapema kwamba kulipinga sharti lenyewe ni vigumu. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya mwanamke aliyetozwa faini kwa kufuga paka watatu ndani ya nyumba yake katika makao ya Lakeside Village. Alidai kwamba paka hao hawakumsumbua yeyote. Mahakama ilishikilia kwamba sharti lililosajiliwa huhesabiwa kuwa halali, isipokuwa liwe la kiholela, likiuke sera ya umma, au mzigo wake upite mno manufaa yake. Bunge la jimbo ndilo lililolegeza kamba: masharti yaliyoandikwa au kurekebishwa tangu tarehe 1 Januari 2001 hayawezi kumzuia mwenye nyumba kufuga angalau mnyama mmoja wa nyumbani.

Nguvu ya Utaratibu

Kinga kubwa, basi, imo katika utaratibu. Kwanza, faini sharti iwemo katika orodha ya faini iliyosambazwa kwa wanachama. Pili, mshtakiwa hupewa notisi ya maandishi, siku zisizopungua 10 kabla ya kikao, ikitaja kosa analodaiwa pamoja na tarehe, saa na mahali. Tatu, ana haki ya kufika na kujieleza mbele ya bodi. Nne, akilirekebisha kosa kabla ya kikao, haadhibiwi. Tano, huarifiwa uamuzi kwa maandishi katika muda wa siku 14. Adhabu inayokiuka utaratibu wa notisi na kikao haina nguvu. Aidha, tangu mwaka 2025 faini haipiti dola 100 kwa kosa moja, ila pale bodi inapoeleza kwa maandishi kwamba kosa hilo linahatarisha afya au usalama.

Asiyeridhika anaweza kuomba kwa maandishi akutane na mjumbe wa bodi ili watafute suluhu. Chama hakiruhusiwi kukataa wala kumtoza chochote kwa mkutano huo. Anaweza pia kudai kuziona kumbukumbu za vikao. Humo huenda akagundua kwamba jirani aliyetenda kosa lilo hilo hakuguswa, na ubaguzi wa aina hiyo ni hoja nzito mahakamani. Mashauri mengi yanayoelekea mahakama ya jimbo hutakiwa kupitia usuluhishi kwanza. Yale ya kiasi kidogo huweza kupelekwa moja kwa moja katika mahakama ya madai madogo.

Tahadhari Kuhusu Ada

Faini na ada ni vitu viwili. Chama hakiwezi kuiuza nyumba kwa mnada bila amri ya mahakama kwa sababu ya faini tu. Lakini malimbikizo ya ada yakifika dola 1,800, au yakipita miezi 12, nyumba yaweza kupigwa mnada. Kwa hivyo, anayegoma kulipa ada kwa hasira ya faini huitia nyumba yake hatarini.

Hitimisho

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sheria tuliyoieleza inamtaka mkuu naye asikie kabla ya kuadhibu. Funzo hili si geni kwetu: nchini Kenya, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umilikaji wa nyumba katika majengo ya pamoja, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, huwaunganisha wamiliki katika shirika lenye kanuni zake. Mnunuzi wa nyumba hizo hana budi kuzisoma kanuni hizo kabla ya kutia sahihi.