Shaba Inapoua Mwani Kabla Haujaota

Kuanzia mwaka 1938, tope la migodi ya shaba lilishushwa na mto Salado hadi Chañaral, ghuba ya kaskazini mwa Chile. Katikati ya miaka ya 1970 likageuziwa ufukwe wa jirani, na mwaka 1990, kwa amri ya mahakama, likakoma. Kufikia hapo tani zaidi ya milioni 200 zilikuwa zimemwagwa, hata ufukwe ukasogea baharini.

Miamba iliyokuwa imefunikwa na Lessonia, mwani mkubwa wa kahawia, ilibaki na jamii chache tu zinazostahimili shaba, hasa Ulva compressa, mwani mwepesi wa kijani. Nje ya eneo hilo Lessonia unastawi, na spora zake, yaani chembe zake za uzazi, zinabebwa na maji. Basi kwa nini hauoti hapo?

Shaba kidogo mwani unaihitaji ili utengeneze chakula kwa mwanga wa jua. Ikizidi, huchochea oksijeni iliyo kali kupita kiasi, nayo hutoboa utando wa seli na kuharibu rangi inayonasa mwanga. Mwani uliokomaa una kinga: alginati iliyo kwenye kuta za seli zake hunasa metali kabla hazijapenya. Spora haina kinga hiyo. Hutoka ikiwa seli moja isiyo na ukuta, kama yai lisilo na ganda, ikiogelea kwa mikia miwili kutafuta mwamba. Ukuta huujenga baada ya kutua. Kiasi cha shaba ambacho mama anakivumilia humaliza watoto.

Ndiyo maana mimi siamini sana mwani unaopendeza macho. Mwani uleule uliosimama imara huenda una metali nyingi mara maelfu kuliko maji yanayouzunguka; Ulaya, Fucus, mwani mwingine wa kahawia, hupimwa kwa sababu hiyohiyo, maana maji husema habari za siku ile tu.

Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilishika kasi tangu 1989, jambo hili lina uzito wake. Mkulima hapandi spora. Hukata kipande cha mwani mzima na kukifunga kwenye kamba. Hatua iliyo dhaifu kuliko zote imerukwa. Kamba iliyojaa haithibitishi kwamba maji ni safi, wala metali kama risasi na kadimiamu hazionekani kwa macho. Mwani ukaushwe, usagwe, upimwe maabara, metali moja moja.