Ugumba Ngara na Biharamulo: mzigo wa wawili unaobebwa na mmoja

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo magharibi na kusini mwa Mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ndoa huanza siku ya harusi lakini hukamilika siku anapozaliwa mtoto wa kwanza, kwa kuwa mtoto huyo ndiye anayewapa wazazi jina jipya la kuitwa na majirani, ndiye anayemfanya mke ahesabiwe kuwa mtu wa ukoo badala ya mgeni aliyeletwa, na ndiye anayempa mume uhakika kwamba shamba la migomba alilogawiwa na baba yake litabaki mikononi mwa damu yake. Mwanamke aliyekaa miaka mitano katika ndoa bila kuitwa Mama Fulani hahitaji kuambiwa na mtu hali aliyo nayo, maana kila salamu ya kisimani, sokoni na kanisani humkumbusha, na maswali ya mawifi, ambayo mwaka wa kwanza huulizwa kwa utani, kufikia mwaka wa tatu huwa yamegeuka kuwa hukumu.

Shirika la Afya Duniani linaueleza ugumba kuwa ugonjwa wa mfumo wa uzazi wa mwanamume au wa mwanamke, unaotambuliwa pale wenzi wanapokosa mimba baada ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi. Wataalamu hutofautisha ugumba wa awali, ambapo mimba haijawahi kupatikana kabisa, na ugumba wa baadaye, ambapo mwanamke aliyewahi kushika mimba anashindwa kushika nyingine. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukumbana na hali hii katika maisha yake, na haikuona tofauti kubwa kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Panapotofautiana sana ni kwenye chanzo cha tatizo na kwenye msaada anaoupata mwenye tatizo, na hapo ndipo wilaya hizi mbili zinapostahili kutazamwa kwa makini.

Uchunguzi uliofanywa na shirika hilohilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi zaidi ya 20 ulionyesha kuwa kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara, kuliko kwa wengine wote, ugumba ulitokana na maambukizi, hasa yale yanayopanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi, yaani njia mbili nyembamba ambamo yai hukutana na mbegu ya kiume. Kisonono na klamidia huweza kuichubua mirija hiyo na kuacha makovu yanayoiziba, na mara nyingi hufanya hivyo bila maumivu ya kumpeleka mtu zahanati. Makovu ya namna hiyo hutokana pia na kujifungua katika mazingira machafu na utoaji mimba usio salama. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ugumba wa eneo hili ingeweza kuzuiwa kwa vidonge vya bei ndogo, miaka mingi kabla ya mwanamke kuanza kuhangaika.

Kagera ina historia yake katika jambo hili. Mwanahistoria Shane Doyle, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu ngono, uzazi na vifo katika Buhaya, Buganda na Ankole, ameeleza jinsi magonjwa ya zinaa yalivyohusishwa na uzazi mdogo wa Wahaya wakati wa ukoloni na jinsi uzazi ulivyopanda baada ya tiba bora kuenea. Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi, ilipata jaribu lake kwa namna nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi, na eneo la Benaco wilayani humo likageuka kuwa mojawapo ya makambi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Watafiti walipima magonjwa ya zinaa katika makambi hayo, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa kliniki walikuwa na maambukizi ya uke, asilimia 4 walikuwa na kaswende hai, ugonjwa unaoweza kuharibu mimba au kuua mtoto tumboni, na asilimia 3 walikuwa na kisonono. Wanawake hao walikuwa wajawazito, kwa hiyo hakuna aliyewahesabu kuwa wagumba; lakini aliyebeba kisonono bila kutibiwa ndiye ambaye miaka michache baadaye angeweza kuulizwa kwa nini ameishia kwenye mtoto mmoja.

Ugumba huu wa baadaye ndio unaofichika zaidi, kwa sababu mwenye mtoto mmoja haonekani kuwa na haki ya kulalamika, na huzuni yake hupewa jina la tamaa. Yule asiye na mtoto kabisa, kwa upande wake, huishi katika mzunguko wa matumaini na msiba unaojirudia kila mwezi, ambao ukikaa muda mrefu huweza kuzaa sonona, yaani hali ya huzuni nzito inayoondoa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuwa na watu. Wengi hujitenga na sherehe za uzazi, wengine huenda kwa sababu kutokwenda kungetafsiriwa kuwa ni wivu au, vibaya zaidi, uchawi. Kutafuta mtoto kwenyewe huleta hatari mpya: utafiti wa hospitali uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba maambukizi ya Virusi vya Ukimwi kwa wanawake wenye ugumba yalikuwa zaidi ya mara mbili ya yale ya wanawake waliozaa, jambo linaloeleweka ukikumbuka ndoa zinazovunjika na wenzi wapya wanaojaribiwa kwa matumaini ya kupata mimba.

Katika mateso yote haya mwanamume hukaa pembeni, ingawa tatizo lililo upande wake, peke yake au pamoja na la mke, huchangia karibu nusu ya visa vya ugumba. Kinachomlinda ni mkanganyiko wa mambo mawili: uhanithi, yaani kushindwa kufanya tendo la ndoa, na ugumba wa kiume, yaani uchache au udhaifu wa mbegu, ambao huweza kumpata mtu mwenye nguvu zake kamili. Kwa kuwa analiweza tendo, mume huamini kwamba ameshathibitisha uzima wake, na ndugu humshauri aoe mke wa pili kabla hajapima manii, kipimo ambacho kwa hatua yake ya kwanza huhitaji hadubini na mtaalamu wa maabara aliyefundishwa. Ni dhuluma kubwa kumwacha mke azunguke kati ya waganga wa tiba asili na hospitali kama ya Murgwanza au Rulenge kwa miaka, akimeza dawa za kusafisha kizazi, huku nusu ya maelezo ya ugonjwa imebaki nyumbani bila kuchunguzwa.

Sheria nayo humwona mwanamke huyu kwa jicho moja tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inapotaja mambo yanayoweza kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika, haikuuweka ugumba katika orodha hiyo, na Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaompa haki katika mali ya ndoa. Lakini wanawake wengi wasiozaa hawaachwi mahakamani. Hurudishwa kwao na begi la nguo, bila shauri lolote. Hali ya mjane ni ngumu zaidi, kwa kuwa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Walioandika kanuni hiyo hawakusema asiye na watoto atunzwe na nani. Hofu ya ugumba katika vijiji hivi, kwa hiyo, ni hofu ya uzee wenye njaa, na ushauri nasaha unaomwambia mwanamke aikubali hali yake bila kugusa suala la shamba huacha jeraha lenyewe bila dawa.

Mkutano wa Kairo kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Septemba 1994, miezi michache baada ya Benaco kujaa, uliweka kinga na tiba ya ugumba ndani ya huduma za afya ya uzazi. Hata hivyo, chumba cha uzazi wa mpango katika zahanati ya kijijini kimebaki chumba cha kuzuia mimba, na anayeitafuta mimba hapati mlango wake. Upungufu huo huumiza hata uzazi wa mpango wenyewe, kwa sababu wasichana wengi huamini kwamba sindano na vidonge huua kizazi. Ukweli ni kwamba baada ya sindano ya miezi mitatu uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, pengine miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, lakini hurudi. Asiyeelezwa hilo mapema huchukulia kuchelewa huko kuwa ushahidi wa hofu yake. Kwa mwalimu au muuguzi anayeahirisha uzazi mpaka amalize masomo na kupata ajira, saa nyingine inayohesabika ni ya umri, kwani uwezo wa kupata mimba hupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 35, na upandikizaji wa mimba, yaani kurutubisha yai maabara na kulirejesha kwenye mji wa mimba, hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa kama Dar es Salaam, kwa gharama ambayo mshahara wa wilayani hauifikii.

Yanayowezekana leo yapo karibu zaidi. Jaribio la Mwanza lililotangazwa mwaka 1995 lilipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40 kwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya vya kawaida kutibu magonjwa ya zinaa vizuri na kuhakikisha dawa zipo, na tiba hiyohiyo ndiyo inayoiokoa mirija ya uzazi. Kliniki ya wajawazito, ambayo tayari huwaita waume kwa ajili ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi, inaweza kuwa na siku ya kuwapokea wenzi wanaotafuta mtoto na kuwapima wote wawili kwa pamoja. Kuhusu shamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, na inaruhusu mume na mke kuomba kwa halmashauri ya kijiji hatimiliki ya kimila yenye majina yao wote wawili, ombi linalopaswa kupelekwa mume akiwa hai, kabla shemeji hawajafika kupima mipaka ya migomba.