Mzigo wa Kijana Usizidi Nguvu Zake

Katika vilima vya Mwakiro, upande wa Muyinga, kama ilivyo katika vilima vingi vya Burundi, msimu wa mitihani huja na wasiwasi wake. Kijana anayekabili mtihani wa darasa la 9 haingii chumbani na kalamu tu. Huingia pia na matumaini ya baba aliyeuza kahawa ili anunue madaftari, na ya mama aliyempunguzia kazi ya jembe ili apate kusoma. Akifaulu, nyumba nzima imefaulu. Akishindwa, hujiona ameiangusha nyumba nzima. Huo ndio msongo wa mawazo tunaotaka kuuzungumzia.

Aghalabu sisi watu wazima husema kwamba kijana hana la kumsumbua, maana halipi kodi wala halishi watoto. Kauli hiyo haina msingi. Tangu mwaka 1936, mtaalamu Hans Selye alipotoa matokeo ya uchunguzi wake huko Montreal, imefahamika kwamba mwili una namna yake ya kukabili dhiki. Ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini na kortisoli; moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na mtu huwa tayari kupambana au kukimbia. Kwa muda mfupi hali hiyo ina faida, kwani humwamsha mwanafunzi. Ikidumu kwa majuma na miezi, usingizi hupotea, kichwa na tumbo huuma, na yaliyosomwa hayakai akilini.

Zaidi ya hayo, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima mambo na kuzuia hasira, haikomai kabla ya mtu kupita miaka 20. Ndiyo maana kijana wa umri wa balehe huwaka upesi na kukata tamaa upesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili.

Je, wazazi wafanyeje? Kwanza, watambue dalili. Mtoto aliyekuwa mcheshi akianza kujitenga, akikataa chakula, au akikasirika bila sababu, tusikimbilie fimbo wala kumwita mvivu. Tumwulize kwa upole, kisha tumsikilize hadi amalize. Tusimlinganishe na kaka yake aliyefaulu. Binti naye asibebeshwe maji, kuni na wadogo zake peke yake, halafu adaiwe alama sawa na za ndugu yake aliyekuwa akisoma.

Kijana mwenyewe ana wajibu wake. Alale saa 8 hadi 10 kila usiku, kwani kukesha hadi alfajiri huipunguza kumbukumbu anayoitafuta. Agawe masomo yake sehemu ndogo ndogo, amalize moja kabla ya kuanza nyingine. Acheze mpira au atembee, na wasiwasi ukimzidi avute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Juu ya yote, amtafute mtu mmoja anayemwamini, awe shangazi, babu au mwalimu, amweleze yaliyomo moyoni.

Msaada huo hauhitaji fedha nyingi. Nchini Kenya, utafiti uliotangazwa mwaka 2021 kuhusu mpango wa Shamiri uliwahusisha wanafunzi 413 wa sekondari. Vijana waliomaliza shule, wasio waganga wala wataalamu, waliwaongoza wanafunzi katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma manne. Huzuni na wasiwasi wa wanafunzi hao vilipungua kuliko vya wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Jambo kama hilo linaweza kufanyika chini ya mti wowote wa shule zetu.

Lakini kijana akianza kusema kwamba heri afe, au kwamba maisha hayana maana, hapo hakuna kungoja wala kuona haya. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini amkunjaye kwa pupa humvunja. Mtihani una mwaka mwingine. Mtoto hana mwingine wa kuchukua nafasi yake.