Shule ya fiziotherapia Marekani: Nafasi nyingi hupotea kabla fomu haijafunguliwa

Kila mwaka katikati ya Juni, Marekani hufungua mfumo wa maombi unaoitwa PTCAS. Hapo ndipo wanaotaka kusomea fiziotherapia, tiba ya kumsimamisha mtu tena baada ya ajali, kiharusi au upasuaji, hujaza fomu moja inayotumwa kwenye vyuo kadhaa kwa pamoja.

Kwa kijana anayetoka familia ya Waswahili iliyohamia Marekani, au anayejipanga akiwa Nairobi au Dar es Salaam, ni rahisi kudhani kazi kubwa ni hiyo fomu. Sivyo. Fomu inakusanya tu yaliyofanyika miaka miwili au mitatu iliyopita. Asiyekuwa amejiandaa hupoteza mwaka mzima, na hela ya maombi hairudi.

Ni shahada gani?

Marekani haimsajili mtu kwa shahada ya kwanza ya fiziotherapia inayotolewa huko, kwa sababu haipo tena. Tangu mwaka 2016, kila programu inayotambuliwa na CAPTE, chombo kinachokagua ubora wa shule hizo, hutoa shahada ya udaktari wa fiziotherapia, DPT. Kwa kawaida huchukua miaka 3, na mwanafunzi huingia akiwa tayari na shahada nyingine.

Shahada hiyo ya kwanza inaweza kuwa ya somo lolote: biolojia, michezo, saikolojia, hata historia. Kinachoangaliwa zaidi ni masomo ya lazima.

Masomo ya lazima ndiyo kikwazo cha kwanza

Vyuo vingi hutaka anatomia na fiziolojia, kemia mihula miwili, fizikia mihula miwili, biolojia, takwimu na saikolojia. Mengi ya masomo ya sayansi lazima yawe na maabara.

Tatizo ni kwamba orodha hazifanani. Chuo kimoja kinakubali somo lililosomwa mtandaoni, kingine hakikubali. Kimoja kinapokea somo la miaka 12 iliyopita, kingine kinasema limeshapitwa na wakati. Anayeomba vyuo sita anahitaji jedwali la orodha sita, na alitengeneze mapema, si wiki ya mwisho.

GPA haifutiki

Hapa wengi hushtuka. Mwanafunzi aliyepata D kwenye fizikia, akarudia na kupata A, chuo chake kinaweza kuhesabu A peke yake. PTCAS huhesabu zote mbili. Kama masomo hayo yana uzito sawa, 1.0 na 4.0 zinampa wastani wa 2.5 katika somo hilo.

Alama za kila chuo alichowahi kusoma huingia pia, hata muhula mmoja wa chuo cha mtaani alioacha njiani. Vyuo vingi huweka GPA ya 3.0 kama kiwango cha chini, na kiwango cha chini si tiketi ya kuingia. Ndiyo maana muhula mzito ni afadhali upunguzwe masomo kuliko kubebwa wote kwa alama mbaya.

Saa za kushuhudia kazi

Programu nyingi hutaka mwombaji awe amekaa na mtaalamu wa fiziotherapia mwenye leseni akimtazama anavyofanya kazi. Nyingine hazitaki saa hata moja, nyingine hutaka 100 au zaidi. Saa hizo huthibitishwa na mtaalamu mwenyewe.

Kukaa kliniki moja ya wanamichezo peke yake hakutoshi kila mahali. Vyuo hupenda kuona mwombaji amepita pia hospitalini, kwa wazee au kwa watoto wenye ulemavu. Kupata kliniki inayokubali mgeni kunaweza kuchukua miezi, kwa hiyo barua pepe za kuomba nafasi zitumwe mapema.

Huko ndiko hupatikana pia barua ya mapendekezo. Vyuo vingi hutaka angalau moja ya mtaalamu wa fiziotherapia na nyingine ya mwalimu. Mtaalamu aliyemwona kijana siku mbili hana la kuandika.

Kalenda halisi

Anayetaka kuanza masomo Agosti 2028 hujaza fomu kuanzia Juni 2027. Maana yake, ikifika wakati huo awe amemaliza sehemu kubwa ya masomo ya lazima na saa za kliniki. Yaliyobaki anaweza kuyaandika kama masomo yajayo, lakini hayaingii kwenye GPA.

Baada ya kutuma, PTCAS huhakiki alama kwanza, na kazi hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Vyuo kibao hugawa nafasi kadiri maombi yanavyofika. Aliyetuma Agosti anakuta viti vingi, aliyetuma siku ya mwisho anagombea vilivyobaki.

Pesa zihesabiwe kabla

Ada ya miaka 3 katika vyuo vingi binafsi inazidi dola 100,000, kabla ya chakula na kodi ya nyumba. Na njia ya kukopa imebadilika.

Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inafuta mkopo wa serikali wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Shahada za juu za kawaida zimewekewa ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka. Zile zinazohesabiwa kuwa za kitaaluma, kama udaktari wa binadamu na sheria, zinapata hadi dola 50,000. Katika mapendekezo ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya mwishoni mwa 2025, fiziotherapia haikuwekwa kwenye kundi hilo la pili.

Kwa ukomo wa 20,500, miaka 3 ni dola 61,500. Pengo linalobaki hujazwa na akiba, ufadhili au mkopo wa benki. Chuo cha umma cha jimbo analoishi mwombaji mara nyingi ndicho chenye ada nafuu.

Mwanafunzi anayetoka nje ya Marekani kwa viza ya masomo hapati mikopo hiyo ya serikali kabisa. Lazima aonyeshe kuwa ana pesa za mwaka wa kwanza kabla ya kupewa karatasi za viza.

Aliyesomea Afrika Mashariki

Mwenye shahada ya fiziotherapia, kwa mfano kutoka KCMC Moshi, si lazima aanze DPT upya ili afanye kazi Marekani. Njia yake ni kupeleka vyeti vikafanyiwe tathmini, kwa mfano na FCCPT, na kuziba mapengo ya masomo yakionekana. Kisha hufanya mtihani wa leseni, NPTE, ambao alama ya kufaulu ni 600 kati ya kipimo cha 200 hadi 800. Kila jimbo lina masharti yake ya ziada, hivyo jimbo lichaguliwe kwanza.

Kabla ya kulipia maombi

Programu zinazotambuliwa na CAPTE hutakiwa kuchapisha kwenye tovuti zao takwimu tatu: wangapi wanahitimu, wangapi wanafaulu NPTE na wangapi wanapata ajira. Kuzisoma ni bure. Chuo kinachopokea kwa urahisi lakini wanafunzi wake wanakwama kwenye mtihani wa leseni kinamwachia kijana deni bila kazi ya kulilipa.