Kabla ya Kununua Kitambaa, Tutazame Ukuta

Akina mama wengi tukifikiria pazia, tunafikiria kitambaa kwanza. Tunachagua rangi, tunauliza bei ya mita moja, tunampelekea fundi cherehani, tunahesabu pete. Kazi ya kufunga vishikio, yaani vile vyuma vinavyobeba bomba la pazia, tunaiacha iwe ya mwisho, na mara nyingi tunampa yeyote aliye karibu mwenye nyundo na misumari miwili. Baada ya mwezi mmoja bomba limelegea upande mmoja, na vumbi la lipu linadondoka kitandani.

Jambo hili si la urembo tu. Katika nyumba zetu nyingi za Lindi na Kilwa, pazia ndilo mlango. Familia yenye vyumba viwili hutegemea kitambaa hicho kutenganisha wazazi na watoto, au kumpa binti anayekua mahali pa kubadilishia nguo. Pazia hilo likianguka, hakuna anayelalamika kwa sauti, lakini kila mmoja ameona haya. Tena bomba la chuma likimwangukia mtoto aliyelala, linaweza kumuumiza vibaya.

Wazee wa pwani hii walilijua jambo hili. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, wachunguzi wa majengo ya kale wametambua nafasi zilizoachwa kwenye milango ya mawe kwa ajili ya mti wa kutundikia pazia. Maana yake ni kwamba fundi alilifikiria pazia wakati ukuta ukijengwa. Sisi tunaohamia katika nyumba iliyokwisha kujengwa hatuwezi kufanya hivyo, lakini tunaweza kuanza pale alipoanzia yeye, yaani ukutani.

Tuujue ukuta wetu

Ukuta wa miti na udongo haushiki msumari. Udongo humeguka, na kadiri tunavyogongelea ndivyo tundu linavyopanuka. Tugonge ukuta taratibu kwa kifundo cha kidole tukisikiliza. Penye mti sauti hubadilika. Kishikio kifungwe kwenye mti huo. Kama mti hauko mahali tunapotaka, tuchukue ubao mmoja mrefu kupita upana wa dirisha, tuufunge kwenye miti miwili au kwenye fremu, kisha vishikio vyote tuvifunge kwenye ubao.

Ukuta wa matofali ya saruji hutaka drili, plagi ya plastiki na skrubu. Hapa kosa linalotokea sana ni plagi kuishia ndani ya lipu. Lipu ni ngozi tu. Mara nyingi unene wake ni sentimeta moja hadi mbili, na haibebi mzigo. Tundu lipite lipu na kuingia ndani ya tofali, na skrubu isipungue sentimeta 5. Juu ya dirisha kuna zege lenye nondo, ambalo mafundi huliita linta. Ni gumu, nalo hutaka drili yenye kugonga. Ncha ya drili ikikutana na nondo, tusilazimishe. Tusogeze tundu sentimeta chache.

Nyumba za zamani za mawe na chokaa, kama zile za Kilwa Kivinje, zahitaji upole. Chokaa ni laini, na nyundo nzito huweza kuangusha kipande kizima. Njia nzuri ni kutoboa tundu pana kidogo, kuingiza kipande cha mbao ngumu kama mkongo au mninga, kukiziba pembeni kwa chokaa au saruji, na kukiacha kikauke kwa siku kadhaa. Kisha skrubu iingie katika mbao hiyo.

Kupima

Tuanze kupima kutoka kwenye fremu ya dirisha. Kishikio kikae sentimeta 10 hivi juu ya fremu, na sentimeta 15 nje yake kila upande. Hapo pazia likifunguliwa hukaa ukutani, na dirisha lote hubaki wazi kwa mwanga na hewa, jambo ambalo sisi wa joto la pwani tunalihitaji sana. Kwa hiyo dirisha lenye upana wa sentimeta 120 litakuwa na vishikio vilivyoachana sentimeta 150, na bomba liwe refu zaidi ya hapo ili lijitokeze pande zote mbili. Pete moja ya pazia iachwe nje ya kishikio kila upande, ili ukingo wa pazia usiburutwe katikati.

Ili pande mbili zilingane, tutumie pima maji. Asiye nayo achukue mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama wafanyavyo waashi. Maji katika ncha zote mbili hukaa kimo kimoja siku zote. Tutie alama kwa penseli, kisha turudi nyuma hatua chache na kutazama kwa macho kabla ya kutoboa.

Bomba likizidi sentimeta 150, au kitambaa kikiwa kizito, tuongeze kishikio cha tatu katikati. Tuangalie pia kishikio kitajitokeza kiasi gani kutoka ukutani. Kitosheleze pazia kupita nondo au mikono ya vioo, lakini kisizidi. Ndoo ya maji ikibebwa karibu na kifua ni nyepesi. Mkono ukinyooshwa, ndoo ile ile huwa nzito. Kishikio kirefu nacho ni mkono ulionyooshwa, na skrubu ya juu ndiyo inayovutwa itoke. Skrubu hiyo iwe imara kuliko zote.

Kutoboa kwa usalama

Kama nyumba ni ya kupanga, tumwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, na tukubaliane kama vishikio vitabaki siku tutakapohama. Tusitoboe ukuta moja kwa moja juu, chini au pembeni mwa swichi au soketi, maana mara nyingi waya za umeme hupita hapo ndani. Tuvae miwani kuzuia vumbi, tusimame juu ya kitu imara, na watoto wakae chumba kingine. Ncha ya drili ilingane na plagi: plagi ya milimita 8 hutaka tundu la milimita 8. Tundu likiwa pana, plagi huzunguka na kazi yote ni bure.

Kazi hii si lazima imsubiri baba arudi safarini. Mama akiwa na drili ya kuazima na subira, anaweza. Na akimwita fundi, amwambie mambo matatu: ukuta ni wa nini, kitambaa kina uzito gani, na vishikio vikae wapi. Fundi akiambiwa hayo mapema hatakisia.

Upepo na chumvi

Kwetu pwani kuna maadui wawili wasiosumbua sana watu wa bara. Wa kwanza ni upepo. Kusi inapovuma katikati ya mwaka, pazia lililo wazi hujaa upepo kama tanga la jahazi, na mvuto wote huishia kwenye skrubu nne. Tulifunge pazia kwa kamba ya kitambaa dirisha linapokuwa wazi. Wa pili ni hewa ya chumvi, inayokula chuma. Skrubu za shaba, au za chuma kisichoshika kutu, ni ghali kidogo lakini hudumu. Mti ulionyooka au mwanzi mkavu waweza kuchukua nafasi ya bomba la chuma, nao haushiki kutu.

Tujaribu kabla ya kuamini

Kabla ya kutundika pazia, tuweke bomba, kisha tutundike karibu na kila kishikio ndoo yenye lita 5 za maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ndoo hiyo ni zaidi ya kilo 5. Tuiache kwa saa moja, bila mtoto chini yake. Kishikio kikisogea hata kidogo, tukifungue na kukifunga upya siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kitanda cha mtoto mchanga kisiwekwe chini ya bomba, na kamba zote za pazia zifungwe juu asipofikia, kwa kuwa zinaweza kumnyonga. Pazia lisifike karibu na kibatari, mshumaa wala jiko. Kisha kila baada ya miezi michache, siku tunapofua mapazia, tukaze skrubu zote kwa bisibisi. Ni kazi ya dakika tano, na bomba likiwa tupu ndipo tunapoona vizuri kilicholegea.